Nimeshanogewa, tamthilia imefutwa: nifanyeje?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nilianza kutazama 1899, ile tamthilia ya fumbo ya Netflix inayotokea melini, Ijumaa usiku, na Jumapili jioni nilikuwa nimemaliza episodi zote 8. Nikaenda mbio kutafuta msimu wa pili, ndipo nikakuta haupo na hautakuwepo, tamthilia ilifutwa siku nyingi. Tangu hapo nina arosto ya ajabu. Naiota ile meli. Nimejaribu kuanza tamthilia nyingine, naona hazina ladha. Mume wangu ananicheka, anasema nalilia watu ambao hawajawahi kuwepo. Nisaidie mambo matatu. Kwa nini wafute kitu kizuri namna ile? Kuna tumaini lolote la kurudi? Na kuanzia leo nisiguse tamthilia yoyote mpaka iwe imekwisha yote?

JIBU

Pole sana, dada yangu. Kabla sijayagusa maswali yako niseme neno kuhusu hilo la kuchekwa, kwa sababu naona limekutia aibu, na huna sababu ya kuona aibu. (Wasomaji ambao hawajaitazama 1899 na wana nia ya kuitazama waishie hapa, maana nitaueleza mwisho wake.)

Mwaka 1928 mwanasaikolojia Maria Ovsiankina, aliyefanya utafiti wake Berlin, alieleza majaribio ambayo watu walipewa kazi ndogondogo kisha wakakatizwa katikati. Hawakuambiwa wazimalizie. Lakini walipopata nafasi, wengi walizirudia wenyewe, ingawa hapakuwa na malipo wala mtu wa kuwasifu. Akili ikishashika jambo na kuanza kuuona mwisho wake, haipendi kuliachia njiani. Wewe umekatizwa pabaya zaidi kuliko wale, kwa sababu wao waliweza kuirudia kazi yao, na wewe huna pa kurudi. Ndiyo maana meli inakufuata usingizini.

Halafu kuna watu wenyewe. Mwaka 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika kuhusu ukaribu ambao mtazamaji hujenga na watu anaowaona kwenye televisheni: ukaribu wa upande mmoja, wewe unamjua yeye na yeye hakujui. Tangu wakati huo watafiti wengi wameufuatilia, na jambo linaloonekana tena na tena ni kwamba hisia za mtazamaji ni za kweli hata kama mhusika ni wa kubuni. Umekaa saa nane hivi na Maura Franklin, mhusika mkuu. Umemwona nahodha Eyk Larsen akinywa huku akiikumbuka familia yake iliyokufa motoni. Umemwona Olek, mchochea makaa kutoka Poland, na Ling Yi, binti wa Kichina anayejifanya Mjapani, wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake bila kuelewana hata neno, na bado wakatulizana. Ukitazama mfululizo siku tatu, watu hao wanakuwa ndio uliokaa nao karibu zaidi wiki hiyo. Wakiondoka ghafla pengo linabaki, na kuliona pengo hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa kwa nini waliifuta.

Wengi wetu hudhani tamthilia hufutwa kwa sababu haikupendwa, au kwa sababu kuna mkubwa fulani ofisini asiyejua kitu kizuri. Wapo wakubwa wa aina hiyo, sikatai. Lakini mara nyingi uamuzi hutoka kwenye hesabu, na hesabu hiyo haiulizi kama waliopenda walipenda kwa kiasi gani. Inauliza walikuwa wangapi, walikuja lini, na kuwapata kuligharimu kiasi gani.

Enzi za televisheni ya matangazo hesabu ilikuwa rahisi kueleweka. Kituo kiliuza watazamaji kwa wenye bidhaa, kwa hiyo tamthilia yenye watazamaji wachache katika saa yenye bei kubwa ilikuwa inakula hasara hata kama wachache hao walikuwa tayari kuifia. My So-Called Life, tamthilia ya binti wa miaka 15 na maisha ya shule, ilianza ABC ya Marekani Agosti 1994. Iliwekwa Alhamisi saa mbili usiku, saa ambayo NBC ilikuwa na vichekesho vilivyokuwa vinapendwa mno, Friends ikiwemo. Ilidumu episodi 19. Episodi ya mwisho ilirushwa Januari 1995, na mwezi huohuo mwigizaji wake mkuu, Claire Danes, akashinda tuzo ya Golden Globe. Tuzo na kufutwa vilikwenda pamoja, na mtu wa hesabu hakuona mgongano wowote hapo.

Wakati mwingine kituo chenyewe ndicho kinachoiua. Firefly ilianza Fox Septemba 2002 siku ya Ijumaa usiku, na kituo kikaamua kutoanza na episodi ya ufunguzi, ile yenye urefu wa saa mbili inayowatambulisha wahusika wote. Kikaanza na nyingine. Episodi ya ufunguzi ikarushwa Desemba, mwisho kabisa, wakati tamthilia imeshafutwa. Zilikuwa zimetengenezwa episodi 14 na zilirushwa 11 tu. Ukimwonyesha mtazamaji watu asiowajua wakiwa katikati ya mambo asiyoyaelewa, asiporudi wiki ijayo kosa si lake, na si la mwandishi.

Majukwaa ya mtandaoni yalipokuja, wengi tuliamini habari hizo zimekwisha. Hakuna saa ya kurushwa, hakuna Ijumaa usiku, mtu anatazama anapotaka. Hesabu haikuondoka, ilihama tu. Mwaka 2019 Netflix iliiandikia kamati ya Bunge la Mabwana la Uingereza ikieleza inavyowahesabu watazamaji wake. Kuna walioanza: kaya iliyotazama angalau dakika 2. Kuna waliotazama: waliofika asilimia 70 ya filamu, au ya episodi moja. Na kuna waliomaliza: waliofika asilimia 90 ya filamu, au ya msimu mzima. Wakati huo hesabu hizo ziliangaliwa katika siku 7 za mwanzo na siku 28 za mwanzo. Hilo kundi la tatu, dada yangu, ndilo lenye uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tamthilia ya fumbo inaweza kuanzwa na watu wengi sana kwa sababu fumbo linavutia, lakini watu wakiachia njiani kwenye episodi ya tatu au ya nne, jukwaa linajua kwamba msimu wa pili utaanza na wale waliofika mwisho tu. Hakuna mtu anayeanza tamthilia ya fumbo kwenye msimu wa pili. Kwa maana hiyo idadi ya waliomaliza msimu wa kwanza inakuwa karibu sawa na dari la watazamaji wa msimu unaofuata.

Iangalie 1899 kwa macho hayo. Ilitoka Novemba 17, 2022 na ikaingia moja kwa moja kwenye orodha ya tamthilia zinazotazamwa zaidi. Siku 6 baadaye, Netflix hiyohiyo ikaitoa Wednesday, ambayo ilivunja rekodi ya saa za kutazamwa kwa wiki miongoni mwa tamthilia zake za Kiingereza. Dunia nzima ikahamia huko. 1899 ilikuwa bado inahitaji mtu atulie: lugha nane hivi ndani ya meli moja, giza, wahusika wengi, kila episodi ikianza ndani ya kumbukumbu ya mtu mwingine. Na ilikuwa ghali. Bahari na anga unavyoviona nyuma ya meli vilionyeshwa kwenye ukuta mkubwa wa skrini uliojengwa katika studio za Babelsberg, Ujerumani, waigizaji wakicheza mbele yake. Ukiwa na gharama za namna hiyo, watazamaji wa wastani hawatoshi. Januari 2, 2023, wiki zipatazo 7 tu tangu itoke, mwongozaji Baran bo Odar alitangaza kwamba haitaendelea, na akasema kwamba yeye na Jantje Friese, aliyeibuni pamoja naye, walitaka kuifikisha misimu 3.

Linganisha na Dark, kazi yao iliyotangulia. Ilianza 2017 wakati Netflix ilikuwa inajenga jina Ujerumani, ikiwa tamthilia yake ya kwanza ya Kijerumani. Ilipewa misimu 3 na ikamalizwa 2020 kama walivyopanga. Waandishi ni walewale, tabia ya kupenda mafumbo ni ileile, subira wanayoidai kwa mtazamaji ni ileile. Kilichobadilika ni bei ya kazi na subira ya mnunuzi. Nakuomba uishike hiyo vizuri kwa sababu inajibu swali lako: kufutwa kwa 1899 hakukuambii kama ilikuwa nzuri au mbaya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, lakini kwa mtu aliye katika hali yako naona ndilo lenye msaada kuliko yote.

Kila tamthilia inapoanza inakuahidi kitu. Zipo zinazokuahidi jibu: nani ameua, meli ilipotelea wapi, mlango ule unakwenda wapi. Na zipo zinazokuahidi watu: kaa na hawa, uone wanavyoishi. Nyingi zina ahadi zote mbili, ila moja huwa na nguvu zaidi. Tamthilia inapokatishwa, ahadi hizo mbili haziumii kwa kiwango kimoja. Ahadi ya jibu inavunjika. Ahadi ya watu, kwa kiasi kikubwa, imekwisha kutimizwa kila episodi uliyotazama.

Chukua mwisho wa My So-Called Life. Angela amepokea barua nzuri ya mapenzi kutoka kwa Jordan, kijana ambaye Angela anampenda tangu episodi ya kwanza. Kisha anagundua kwamba aliyeiandika ni Brian, jirani yake mpole anayempenda kimyakimya. Anasimama barabarani akimtazama Brian, halafu anaingia kwenye gari la Jordan na kuondoka huku bado anamwangalia yule anayebaki. Hapo ndipo ilipokatika. Hakuna aliyejua atamchagua nani, na hakuna atakayejua. Hata hivyo watu wameendelea kuitazama tangu wakati huo hadi leo, na kuipendekeza kwa watoto wao, kwa sababu ule mtazamo wa dirishani ni kitu kizima. Binti wa miaka 15 hajui anamtaka nani. Msimu wa pili ungetupa habari zaidi, lakini ukweli wa dakika ile tulishapewa.

Deadwood nayo ni hivyo. HBO iliisimamisha 2006 baada ya misimu 3 na episodi 36, mwandishi wake David Milch akiwa na mengi bado ya kusema. Picha ya mwisho ni Al Swearengen, mwenye baa na danguro, mtu mkatili anayeutawala mji kwa ujanja wake, akiwa amepiga magoti anasugua damu sakafuni. Ni damu ya msichana ambaye Al mwenyewe alimuua ili kumnusuru mwanamke mwingine. Hakupanga mtu yeyote kwamba hapo ndipo tamthilia ifungwe, lakini mimi nachambua tamthilia kwa kazi, na nimeona miisho mingi iliyopangwa kwa miaka ambayo haifiki pale. Mtu anasugua alichokifanya na hakitoki. Kuna cha kuongeza?

Sasa rudi kwenye meli yako ukiwa na kipimo hicho. 1899 ilikuahidi jibu, tena kwa sauti kubwa, na jibu hilo hujapewa lote. Maura anaamka ndani ya chombo cha anga za juu, wenzake wote wamelala wakiwa wameunganishwa na mitambo, skrini inaonyesha mwaka 2099, na ujumbe wa kaka yake Ciaran unamkaribisha kwenye uhalisia. Ciaran anataka nini, hicho chombo kinakwenda wapi, na kama huo nao ndio uhalisia, hayo yamezama. Sitakudanganya kwamba hayaumi.

Lakini ndani ya fumbo hilo kulikuwa na hadithi nyingine, na hiyo ilifika mwisho. Maura na Daniel walikuwa na mtoto mgonjwa, Elliot, wakashindwa kumwacha aende. Wakajenga ulimwengu mzima ili asife. Maumivu ya kuishi humo yakamzidi Maura hata akachagua kusahau kila kitu, mume na mtoto wakiwemo. Msimu wote ni Daniel akijaribu kumrudishia mkewe kumbukumbu, na katika episodi ya nane anaupindua mfumo wenyewe kiasi kwamba ufunguo wa kutokea unakuwa pete ya ndoa. Itazame tena sehemu hiyo. Mwanamke anayeingia pale hakumbuki kwamba aliwahi kuolewa, na kinachomtoa ni pete yake. Hiyo ni hadithi yenye mwanzo, katikati na mwisho, kuhusu wazazi walioukataa mwisho na gharama ya kuukataa. Ulipewa yote, ila ujumbe wa Ciaran uliokuja dakika za mwisho umekupora nafasi ya kugundua hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa vitendo: usikimbilie tamthilia mpya bado. Ulizojaribu hazikuwa na ladha kwa sababu ulizitaka zikujibie maswali ya 1899, na haziwezi. Irudie ile episodi ya kwanza sasa hivi ukiwa unajua yote. Utaona kwamba kumbukumbu za abiria zile za mwanzo wa kila episodi hazikuwekwa kama mapambo, na kwamba yule mtoto asiyesema alikuwa amekwisha kumtambua mama yake wakati wewe unamwona kama mzimu. Halafu andika maswali yako yote, yakate yale yaliyojibiwa. Wengi hushangaa kwamba yaliyobaki ni machache, na mengi yanahusu mtu mmoja tu, Ciaran. Kilichokuwa kinakukaba kama kitu kimoja kikubwa kinakuwa orodha fupi, na orodha fupi mtu anaweza kuijadili na wenzake, kuikisia, hata kuitungia majibu yake. Mashabiki wengi wamefanya hivyo kwa tamthilia zao na wamepata raha ya kweli.

Tumaini la kurudi? Nitakuambia ninavyolipima mimi, halafu uone.

Cha kwanza kuuliza ni nani anaimiliki. Watu wengi hawajui kwamba anayeirusha tamthilia na aliyeitengeneza mara nyingi ni watu wawili tofauti, na kutofautiana huko ndiko kunakookoa. The Expanse ilifutwa na kituo cha Syfy Mei 2018. Lakini Syfy ilikuwa inairusha tu, mali ilikuwa ya kampuni ya Alcon, ambayo ilikuwa huru kutafuta mnunuzi mwingine. Mashabiki wakakodi ndege ikapita na bango juu ya studio za Amazon, na kabla mwezi haujaisha Jeff Bezos mwenyewe akatangaza kwamba Amazon inaichukua. Ikapata misimu 3 zaidi. Lucifer vilevile: Fox ilikuwa inairusha, Warner Bros. ndiyo iliyoitengeneza, na Netflix ikaichukua mwezi mmoja tu baada ya kufutwa. Tamthilia iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaa lilelile lililoifuta haina njia hiyo, au ni nyembamba mno, na 1899 iko kwenye kundi hili.

Cha pili ni muda. Waigizaji hufungwa na mikataba yenye tarehe za kuwabakiza. Tarehe zikipita kila mmoja anakwenda zake, majengo ya kuigizia yanabomolewa, mavazi yanauzwa au yanapelekwa kazi nyingine. Ndiyo maana uokoaji mwingi hutokea ndani ya wiki chache, kama ule wa Sense8, iliyofutwa mwanzoni mwa Juni 2017 na mwisho wa mwezi huohuo ikaahidiwa episodi moja ndefu ya kufungia hadithi. Ilitoka Juni 2018. Baada ya hapo kinachobaki ni bahati ya muda mrefu. Deadwood ilirudi kwa filamu moja Mei 2019, karibu miaka 13 baadaye, na ilirudi ikiwa imewakubali waigizaji wake kama walivyo, nywele zimeota mvi, hadithi nayo ikisogezwa miaka 10 mbele. Inawezekana, basi. Lakini hakuna anayeweza kuisubiri kwa moyo mmoja na kuishi vizuri.

Na kampeni za mashabiki? Zinasaidia pale zinapomwonyesha mnunuzi kitu anachokijali. Jericho ilipofutwa na CBS Mei 2007, mashabiki walituma karanga, zaidi ya tani 20, wakifuata neno moja, “Nuts” (karanga), lililosemwa kwenye episodi ya mwisho. Dunia ikacheka na kushangaa, CBS ikairudisha kwa episodi 7, na ikawaomba wavute watazamaji wengine. Hawakuongezeka vya kutosha, na Machi 2008 ikafungwa moja kwa moja. Lakini watengenezaji walikuwa wameshapiga miisho miwili, mmoja wa kuendelea na mmoja wa kufunga, kwa hiyo mashabiki walipata mwisho. Kwa maoni yangu karanga zile zilifanya kazi yake. Veronica Mars nayo iliomba dola milioni 2 mtandaoni Machi 2013, ikazipata kabla siku haijaisha, na ikaishia na dola milioni 5.7 kutoka kwa watu zaidi ya 91,000. Mwaka uliofuata filamu ikatoka. Ile haikuwa barua ya kulalamika, zilikuwa pesa mezani.

Kwa 1899, mali iko mikononi mwa aliyeifuta, muda umepita, na kuirudisha kunahitaji gharama kubwa ileile iliyoiangusha. Ningekuwa wewe, nisingeisubiri. Nasema hivyo kwa uchungu, maana ni kazi ninayoiheshimu sana.

Swali lako la tatu, kwamba usiguse tamthilia mpaka iwe imekwisha yote. Naelewa linatoka wapi, na watu wengi wameamua hivyo baada ya kukatwa stimu mara mbili tatu. Nakuomba usiwe mmoja wao. Zile siku za mwanzo nilizokueleza zina uzito mkubwa katika uamuzi. Watazamaji makini, wale wenye subira, wale wanaofika asilimia 90, wakijiweka pembeni kusubiri kwanza waone, hesabu inawaona kama hawapo, na tamthilia inayofutwa ni ileile waliyokuwa wanaisubiri. Majukwaa yamewafundisha watu kutoamini, halafu kutoamini huko kunazaa ufutaji mwingine. Sisemi uibebe wewe peke yako. Wajibu wa kwanza ni wao, na nadhani jukwaa lolote linaloagiza tamthilia ya fumbo lingepaswa kutenga mapema fedha za kuifunga, hata kwa episodi moja. Hilo nitalidai mpaka mwisho. Lakini ukikutana na kitu kinachokugusa, kitazame kikiwa kipya, na ukifikishe mwisho.

Ila chagua kwa macho wazi. Kabla hujaanza, angalia kama imeandikwa ni ya msimu mmoja tu, maana hizo hufungwa hapohapo. Soma kama waandishi wamesema wanahitaji misimu mingapi, na uone wamebakiza mingapi. Ikiwa fumbo ni zito na msimu ni wa kwanza, ingia ukijua kwamba unaweza kutoka bila jibu, na episodi ya pili ikiisha jiulize: nikinyimwa jibu, hawa watu wangenitosha? Kama jibu ni ndiyo, endelea bila hofu. Kama unachokitaka ni siri tu, hapo ndipo ninaposema subiri.

Na kwa sasa, ukishairudia 1899 na orodha yako ikiwa fupi, nenda kwenye Dark. Haiwezi kukuachia njiani: misimu 3, episodi 26, imefungwa na watu walewale waliokusudia kukufungia na hii. Utakutana humo na Andreas Pietschmann, nahodha wako, akiwa katika nafasi nyingine kabisa. Itazame kwa Kijerumani chake, na maandishi chini, kwa sababu sauti ya baadhi ya watu humo ni sehemu ya hadithi. Na usiianze kabla hujawa na kalamu. Kuna familia nne, Kahnwald, Nielsen, Doppler na Tiedemann, na mtu yuleyule unaweza kumkuta akiwa mtoto, mtu mzima na mzee katika miaka tofauti. Chora ukoo wa kila familia tangu episodi ya kwanza, ukiacha nafasi pana kati ya majina, maana kufikia msimu wa pili utahitaji kuchora mistari mahali ambapo usingetegemea.